Darubini ya Kulwa

Jumatatu, 2 Juni

Mistari kumi kila siku, kwa mkono wa kushoto. Ndivyo alivyosema binti wa mazoezi ya viungo kule hospitali ya Kitete. Andika chochote, mzee, mkono ujifunze. Haya, naandika chochote. Herufi zimelala kama mahindi yaliyopitiwa na ng'ombe. Hakuna atakayesoma.

Chai. Dawa ya presha. Kutembea hadi kwenye kichuguu na kurudi, mara tatu. Mguu unakubali sasa. Mkono wa kulia bado gogo. Shingo haigeuki, haishuki. Kiharusi kilinikuta mwezi wa pili, nikiwa nafunga kamba za kiatu. Tangu hapo navaa ndala.

Kunguru kachukua kifaranga mwingine. Vero, mke wangu, alikuwa bombani. Mimi nilikuwa hapa kibarazani, hatua ishirini tu. Nilipiga kelele. Kunguru akanitazama, akamalizia kazi yake, akaondoka bila haraka. Vifaranga wamebaki tisa. Walikuwa kumi na mmoja.

Mistari imezidi kumi. Kidole gumba kinauma.

Jumanne, 3 Juni

Doto kaja mapema, kaacha tumbaku yake haijachambuliwa. Doto ni pacha wangu. Mimi nilitangulia kutoka, ndiyo maana naitwa Kulwa.

Katoa bunduki yangu chumbani, kakaa kwenye kiti changu, kampiga kunguru mmoja juu ya nguzo ya zizi la zamani. Mara moja tu, puu, chini. Si bunduki ya vita hii. Ni ya upepo. Unavunja mtutu kukaza springi, unatia kirisasi kidogo kama punje ya mtama, unafyatua. Kwa kunguru inatosha. Kibali kina jina langu na picha yangu. Picha yenyewe ni ya Doto vilevile, hakuna askari atakayebisha.

Mimi nilipewa kazi ya kushika kopo la risasi. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, nashika kopo.

Nilimwonea wivu. Naandika ili niliseme mahali pamoja. Nimemwonea wivu ndugu yangu wa tumbo moja kwa sababu mikono yake yote miwili inanyanyuka.

Alhamisi, 5 Juni

Nimejaribu. Nilingoja Vero aende mazoezi ya kwaya.

Bega la kulia, hapana. Nikaweka kitako bega la kushoto, mtutu juu ya gunia la pumba. Kuvunja mtutu kwa mkono mmoja ni shughuli. Nilibana kitako katikati ya mapaja, nikavuta na kuvuta mpaka jasho. Nikaweza.

Kisha jicho. Darubini ya kulengea, ile iliyofungwa juu ya bunduki, imekaa chini mno, na shingo yangu haiinami kuifuata. Nikiinua bunduki, kitako kinatoka begani. Ndani ya darubini giza tupu, pembeni kamwanga kembamba. Nikafyatua kwa hasira. Risasi ikalia kwenye bati la jiko.

Vero karudi, kaona tundu. Kaenda kuleta sufuria, kaiweka chini ya tundu. Mvua hatuioni mpaka Novemba. Huyu mwanamke ana dharau za kimyakimya.

Jumatatu, 9 Juni

Kitete, kliniki. Basi la alfajiri kutoka hapa Usoke. Doto kanisindikiza.

Manesi wanamkumbuka. Nilipolazwa, aliomba na yeye achomwe sindano. Wakacheka. Yeye hakuwa anatania. Kwetu mapacha hawatenganishwi. Mmoja akipewa nyama, mwenzake apewe. Mmoja akinywa dawa, mwenzake alambe, la sivyo ataugua kwa uchungu wa kusahauliwa. Mama alitulea hivyo. Kitambaa kimoja, mashati mawili. Fundi alimpima Doto, mimi sikuitwa hata kidogo. Kilichomtosha Doto kimemtosha Kulwa.

Binti wa mazoezi alinitazama nikila uji. Akaniambia, mzee, usikifuate kijiko kwa shingo. Kijiko kije kwako. Alikuwa anasema habari za kijiko. Mimi nikawaza darubini.

Tukapita mtaa wa Ng'ambo kwa fundi mmoja wa baiskeli na kufuli, Maganga. Nikamchorea vumbini kwa fimbo. Akaelewa upesi kuliko nilivyoeleza. Kumbe kile chuma kinachoishikilia darubini juu ya bunduki, kikalio chake, kiko cha aina mbili. Changu ni cha kukaa palepale milele. Kuna kingine chenye skrubu, unakipandisha, unakishusha, unakiinamisha, unakisogeza pembeni. Kwake hakipo. Dar kipo.

Doto alimpigia mwanawe Dar tukiwa bado kwenye benchi la fundi. Wema wake hauna breki. Nilitaka nipige mimi.

Vifaranga saba.

Jumamosi, 14 Juni

Kikalio kimefika kwa basi. Kidogo hivi, cheusi, kinakaa kiganjani. Pete nne za kuishika darubini, mbili mbele, mbili nyuma. Skrubu ya kuinua mkia. Skrubu ya kusogeza pembeni. Na kifunguo cha chuma chenye kona. Nimekigeuzageuza asubuhi nzima kama mtoto aliyepewa pipi. Nilikuwa na furaha, naikiri.

Saa tano Doto kaingia. Kakichukua. Saa saba alikuwa amemaliza. Kafunga, kalenga, kafyatua kwenye karatasi aliyoibandika kwenye boksi, mbele ya kichuguu. Kazungusha skrubu, kafyatua tena. Matundu matano ya mwisho ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Kafuta mikono. Tayari, Kulwa. Kazi kwako.

Kakataa hata chai. Anaenda kwenye tumbaku.

Jumapili, 15 Juni

Giza.

Nimekaa kushoto, nimekaa kulia, nimejiegemeza ukutani. Giza na kamwanga, vilevile kama zamani. Nimefyatua mara sita. Boksi halikuguswa. Nilimwita Doto baada ya ibada. Akaja na suti yake, akapiga mara moja, katikati. Akanitazama. Ukinitazama hivyo ni afadhali unitukane.

Bunduki ni nzima, kasema. Kaisema taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Basi tatizo ni mimi. Kilichomtosha Doto siku zote kimenitosha. Kama hiki hakinitoshi, maana yake nilichokuwa nacho kimekwisha. Sikula mchana.

Jumatatu, 16 Juni

Doto na Vero wamekaa jikoni, wameongea muda mrefu. Kisha wakaja pamoja. Watu wakija pamoja ujue wameshakubaliana.

Doto anasema bunduki ikakae kwake. Asubuhi atakuwa anakuja nayo, anapiga kunguru, anarudi nayo. Na kibali kihamishwe kiwe kwa jina lake, ili mambo yawe halali. Fomu ataileta Jumamosi, mimi niweke sahihi tu. Upumzike, Kulwa. Umefanya kazi ya kutosha.

Mgonjwa haulizwi uji. Nilikuwa sijaelewa msemo huu. Hawakuuliza, wakaniletea.

Shamba analima Doto. Mbolea anachukua Doto. Ndevu ananinyoa Doto. Kazi moja tu ilibaki kwenye mji huu ambayo mtu mwenye mkono mmoja na kiti anaweza kuifanya, nayo ni kulinda kuku wa mke wake. Jumamosi inaondoka. Nitabaki nikila na kulala.

Ningesema, ningelia, na sitaki.

Jumanne, 17 Juni

Vifaranga sita. Sijafanya mazoezi. Mwache binti wa Kitete aseme atakayo.

Jumatano, 18 Juni

Jambo dogo limetokea.

Asubuhi nilivaa suruali ya kijivu. Ikaanguka. Si kushuka, ikaanguka, nimesimama uani kama kituko. Vero kacheka mpaka kashika ukuta. Mimi nikafoka, suruali yangu imekuwaje? Akasema, hiyo ya Doto, kaiacha wiki iliyopita alipobadilisha nguo zilizolowa mvuke wa tumbaku. Zenu hazifanani siku hizi. Wewe umekonda. Bega lako moja limeshuka. Na mashati yako nimeshayapunguza upande mmoja tangu Pasaka, hukuona?

Sikuona. Nilidhani nguo zinanikaa vizuri kwa sababu ni nguo zangu.

Nikakaa. Nikafikiri. Doto alipoifunga darubini ile, alilaza shavu lake kwenye kitako. Shavu lake. Shingo yake inayokunjika. Bega lake la kulia. Kashusha kikalio mpaka chini kabisa kwa sababu ndivyo kinavyomfaa, kasukuma darubini mbele kwa sababu jicho lake linafika. Kanishonea suruali kwa kiuno chake. Na mimi mwenye akili timamu nikaamini kiuno ndicho kibaya!

Hata Maganga alisema kinapanda. Nilimsikia kwa masikio yangu. Hakuna aliyekipandisha. Haikutujia akilini, mimi wala yeye.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikakasirika. Kisha nikamwomba Vero kifunguo.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika kidogo, mkono umechoka kwa kazi ya kweli.

Nimelaza bunduki mapajani, juu ya gunia. Nimelegeza pete. Skrubu ndogo hizi, ikidondoka moja umekwisha. Vero alitandika kanga chini, akasema akiona nimeangusha hataokota. Aliokota mbili.

Kwanza sikugusa shabaha kabisa. Nilikaa ninavyokaa, kichwa juu, shingo ilivyo, jicho la kushoto. Nikafumba. Nikafumbua. Vero akipandisha kikalio nikimwambia, bado, bado, tena kidogo. Kisha darubini nyuma, karibu na uso. Kisha pembeni kidogo, kuja upande wangu. Kamwanga kakapanuka. Kakawa nusu. Ghafla duara zima, jeupe, na msalaba katikati, na ndani yake sikio la mbuzi wa jirani. Niliona hadi kupe.

Nikapiga ukelele. Vero akadhani nimepata kiharusi kingine. Maskini, alishikwa na hofu, akanishika uso kwa mikono yote miwili. Nikamwambia, naona. Akasema, mshenzi wewe, na machozi yakamtoka.

Ijumaa, 20 Juni

Kuona si kupiga.

Risasi zote zinaenda chini. Mara ya kwanza nilizungusha kidude cha juu ya darubini, kile cha kusogeza msalaba, nikazungusha mpaka kikagoma, na bado chini. Mbaya zaidi, zikaanza kutawanyika, moja huku, moja kule. Nikakaa nikatafakari. Kidude kile ni cha marekebisho madogo. Ukikipeleka mwisho wake kinalegea ndani. Nikakirudisha katikati. Nikaenda kwenye kikalio chenyewe, nikainua mkia wa darubini. Ukiinua mkia, lazima uinue pua ya mtutu ili msalaba ukae kwenye shabaha. Risasi zikapanda. Robo ya mzunguko. Tena robo. Zikafika.

Tena bunduki ya upepo ina mateke mawili, la nyuma na la mbele, na yote yanalegeza skrubu. Baada ya risasi kumi nikakaza. Kidogo huku, kidogo kule, kwa zamu, siyo moja mpaka mwisho.

Vero ndiye aliyekuwa akibadilisha karatasi. Alipochoka akatundika kifuniko cha kopo la siagi. Saa kumi nimekipiga mara tatu mfululizo. Kifuniko kizima ni kikubwa kuliko kizibo cha Doto, najua. Kichwa cha kunguru na kifua chake vinaingia humo, inatosha.

Nimetumia karibu kopo zima la risasi. Bega linauma. Nimekula ugali mara mbili.

Kesho Doto na fomu yake. Naogopa. Si kunguru ninayemwogopa.

Jumamosi, 21 Juni

Tumegombana. Sisi, ambao watu wa hapa wanasema tulikuwa hatugombani hata tumboni.

Kaja na fomu ndani ya bahasha na kalamu mpya. Kabla ya sahihi akataka kuijaribu bunduki. Kaweka bega la kulia, kalaza shavu, kakaa hivyo. Kakaa. Kainua kichwa, kafuta kioo kwa shati, kalaza tena. Haoni kitu. Giza.

Nani kaigusa?

Nikasema mimi.

Akasema, umeiharibu, Kulwa. Nilikuwekea sawa. Nikasema, ulijiwekea wewe. Hakuelewa. Akaniuliza wewe na mimi ni nani na nani? Sauti yake ilikuwa imepanda, na Doto hapandishi sauti. Vero akatoka jikoni, akatutazama, akachukua jembe akaenda kwenye mchicha. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Alilima kweli.

Hapo nikasema. Miezi minne lilikuwa limenikaa kooni. Nikamwambia, Doto, mgonjwa ni mimi. Wewe huumwi.

Akasema, kikikuuma wewe kinaniuma mimi.

Nikamwambia hapana. Mkono wako unanyanyuka.

Nikachukua bunduki. Nikabana, nikavuta, nikavunja mtutu, nikatia risasi kwa vidole hivi hivi vinavyoandika. Alinyoosha mikono kunisaidia, nikamtazama, akairudisha. Nikakaa ninavyokaa. Kifuniko, tundu. Tena, tundu. La tatu nilikosa.

Akaenda mpaka kwenye kifuniko. Akaweka kidole kwenye tundu moja, kisha la pili. Akakunja fomu yake, akaitia mfukoni, akapita kwa nyuma ya nyumba. Hakuaga. Chai ya Vero ikapoa mezani.

Nimeshinda. Najisikia vibaya sana.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani kakaa upande wa pili. Mchungaji alituangalia, akakosea kifungu.

Sikunyolewa. Nilijaribu mwenyewe kwa kushoto, nimejikata kidevuni.

Jumatatu, 23 Juni

Doto hajaja. Kunguru kaja mara moja, kaona mtutu, kapita. Vifaranga sita bado.

Nimemkosa ndugu yangu siku nzima. Kila mlango ukilia nageuka, yaani nageuza kiti, shingo haigeuki. Nilitaka anione mimi peke yangu. Sasa sioni wa kunitazama. Mtu akipata alichokitaka naye ana kazi.

Vero anasema niende kwake. Nikamwambia mguu haufiki. Unafika. Yeye anajua, mimi najua.

Jumanne, 24 Juni

Hodi nje, saa mbili asubuhi. Mara moja, kimya, tena mara ya pili. Nikamwambia Vero atazame ni mgeni gani huyu wa mapema. Vero akaenda, akarudi, akasema itikia mwenyewe.

Alikuwa Doto. Amesimama nje ya ua, kofia mkononi. Miaka hamsini na nane tunaingiliana majumbani kama kuku, hajawahi kunibishia hodi. Sauti yake ndiyo sauti yangu, na sikuijua. Nilichelewa kuitikia. Nikasema karibu.

Akasema, mwangaluka. Salamu ya nyumbani, ya mama. Nikaitikia. Akauliza akae wapi. Nikamwonyesha kigoda, upande wangu wa kulia, ule usiofanya kazi. Akakaa. Fomu hakuja nayo, wala hatukuitaja.

Vero akaleta viazi vitamu. Doto aliniacha nimenye changu. Nilimenya vibaya, nusu nikatupa na ganda, akala chake akitazama mbali.

Karibu saa nne kunguru akatua kwenye nguzo ya zizi. Tetea akaita vifaranga. Nikaona mkono wa Doto unaondoka gotini kwake, unakwenda kwenye bunduki, wenyewe, kwa mazoea. Ukafika nusu ya njia. Akaurudisha, akaukalia. Kweli kabisa, aliukalia, mkono chini ya paja.

Nikaweka kitako begani. Duara jeupe. Msalaba. Kunguru akageuza kichwa. Sikuharakisha.

Akaanguka nyuma ya nguzo. Tetea hakujua kitu, akaendelea kuwakusanya watoto wake.

Doto akapumua. Akauliza kama anaweza kuchungulia ninavyoona mimi. Nikamwambia asilaze shavu, ainue kichwa, aje kushoto, akaze shingo kana kwamba haina kiungo. Alihangaika sana. Alipoliona duara akakaa nalo muda mrefu. Kisha akaniambia, pole, Kulwa. Miezi yote hii alikuwa hajaniambia pole. Mtu hajipi pole mwenyewe.

Nikamshukuru.

Alipokuwa anaondoka akauliza, kesho nije? Nikafikiri kwanza. Nikamwambia aje Ijumaa.

Akasema sawa, Ijumaa.